Mkono wa Kulia wa Meya wa Ngalamila

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimewahi mkutano. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba naota, maana tangu niapishwe kuwa Meya wa Ngalamila sijawahi kufika mahali kabla ya wanaonisubiri. Lakini ndotoni mtu hajishtukii. Nilijiona nimesimama mbele ya ukumbi, viatu vinang'aa, nikajisemea: kumbe inawezekana.

Mkutano wenyewe ni wa kweli, na ni wa leo. Miji yetu ina umoja wake. Kila mwaka, kabla Bunge halijakaa, tunakutana kuchagua hoja chache za kupeleka kwa sauti moja: sheria gani itungwe, ipi irekebishwe. Kila mji unakuja na yake, na miji ni mingi, kwa hiyo hoja nyingi hufia mlangoni. Baraza la Madiwani la Ngalamila lilinituma na hoja ya mtaro. Mimi, kwa busara zangu, nikajituma na nyingine.

Ya mtaro iko hivi. Kuna mtaro unaokatiza Mtaa wa Kiwambo. Watu wa barabara wanasema si wao, maana umetoka nje ya barabara. Watu wa maji wanasema si wao, maana maji yake hayanyweki. Sisi wa manispaa tunasema si wetu, maana sheria haijasema ni wa nani, na sisi ni watu wa sheria. Masika yaliyopita, mtaro usio na mwenyewe uliingia nyumbani kwa Bi Tabu Nzowa, muuza vitumbua, na mkwewe akajifungulia juu ya meza ya chakula huku maji yakipita chini yake. Mtoto wakamwita Mezani. Nilikwenda kuwapa pole na hongera kwa pamoja, nikapiga picha na mtoto. Nilitoka vizuri.

Hoja yangu mimi ilikuwa kwamba magari ya mameya yaruhusiwe kupiga king'ora.

Basi, ndotoni, nafika mlangoni na nakuta joho langu jekundu limetangulia. Limesimama wima, halina mtu ndani, linasalimiana na wageni kwa mikono mitupu.

"Shikamoo," nikaliambia. Sijui kwa nini.

"Marahaba," likajibu, bila kushangaa. "Umechelewa."

"Nimewahi."

"Umewahi wewe. Meya yuko hapa tangu alfajiri."

"Meya ni mimi."

Joho likanitazama kwa kola. "Wewe ni henga," likasema.

"Kama wahenga?" nikauliza, nikiwa na matumaini.

"Kama ile ya kutundikia nguo."

Halikusema kwa ubaya. Nikaingiza mikono ndani yake, likanivaa, tukaingia.

Ukumbi ulikuwa bucha kubwa yenye viti vya kunesa. Waliokaa hawakuwa mameya. Ilikuwa miji yenyewe. Mwanza amekaa juu ya mawe yake, aliyokuja nayo. Tanga amejitanda kanga, ananukia iliki. Nikauliza mameya wao wako wapi.

"Tumewaacha kabatini," Tanga akasema, "pamoja na henga nyingine."

Kiti cha Ngalamila kilikuwa kitupu. Nikamwuliza Mwanza kama amemwona.

"Alipiga simu," Mwanza akasema. "Hawezi kuja. Anakinga maji. Amesema wewe utamsemea."

Joho likanibana mabega kidogo. "Tutamsemea," likasema.

Mwenyekiti alikuwa Siwa, yaani lile rungu la heshima linalotangulizwa mbele ya wakubwa kikao kikianza. Siwa ilikuwa imelala mezani kama kawaida yake, ila safari hii ilikuwa inazungumza.

"Kanuni ni zilezile," ikasema. "Hoja iwe na mashiko. Iwe na uzito. Iguse watu. Isimame. Iungwe mkono. Ikifika hapo, ipite. Ngalamila, tuanze na wewe."

Nikatikisa kichwa kwa raha. Maneno haya nimeyatumia miaka yote. Sikujua kwamba iko siku nayo yatanitumia mimi.

Nafungua mkoba na kutoa hoja ya king'ora. Ni ndefu, inameremeta, ina mashiko mawili ya dhahabu ubavuni kama sufuria ya harusi. Watu wananong'ona. Najivuna hadi joho linakuwa dogo.

"Mashiko inayo," Siwa ikasema. "Ipimwe."

Muuza nyama, mwenye aproni ya damu, akaitia kwenye mizani. Kile kisahani, badala ya kushuka, kikapaa. Kikapanda mpaka kikagonga dari.

"Imepungua," muuza nyama akasema.

"Kwa kiasi gani?" nikauliza.

"Mheshimiwa, ikiongezewa kidogo itafika sufuri."

"Mwambie aweke mfupa," joho likaninong'oneza. Muuza nyama hakuhitaji kuambiwa. Kwa mazoea yake akatupia mfupa, kisahani kikashuka, na Siwa, ambayo macho yake yalikuwa bado mazito kwa usingizi, ikasema tuendelee.

"Inamgusa nani?" Tanga akauliza.

Hapo hoja yangu ikanyanyuka yenyewe, ikanyoosha mikono mbele kama kipofu, ikaanza kutembea. Ikampita Mwanza bila kumgusa. Ikampita Tanga. Ikatoka dirishani, nikaiona inapita sokoni, inapita foleni ya wagonjwa, inapita kwenye uwanja wa shule uliojaa watoto kiasi kwamba mtu wa kawaida asingepita bila kukanyaga mmoja. Yenyewe ikapita, haikumgusa hata mmoja. Ikarudi kwa mlango wa nyuma, ikanijia, ikanipapasa shavu.

Lazima niseme ukweli, niliguswa.

"Imemgusa mtu mmoja," Siwa ikatangaza.

"Lakini mtu mwenye nafasi," joho likasema.

"Henga," Siwa ikalisahihisha. "Ngalamila ina nyingine?"

"Haina," nikasema.

Mkoba wangu ukaanza kuvuja.

Miji yote ikautazama. Maji ya kahawia yalikuwa yanadondoka kwenye kona yake, yakitengeneza kijito kuelekea kwenye meza kuu.

"Ni chai," nikasema.

Chura akatoka mkobani, akakaa juu ya kifungo.

"Chai yako ina chura," Mwanza akasema.

"Mimi ni kifungu cha pili," chura akasema. "Cha kwanza kimeziba. Kuna godoro."

Ndipo hoja ya mtaro ikamwagika. Sijui ilikuwa imeeneaje humo ndani. Ilikuwa ndefu, nyeusi, imebeba ndala moja, mifuko, maganda ya mihogo, na godoro lililotajwa. Haikuwa na mashiko yoyote. Ikajilaza sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta.

"Samahani kwa harufu," ikasema kwa sauti ya chini. "Nimekaa sana."

Muuza nyama akaitazama, akatazama mizani yake, akaiweka mizani kabatini na kufunga kwa ufunguo. "Hii siipimi," akasema. "Nina familia."

"Inamgusa nani?" Siwa ikauliza.

Hoja haikunyanyuka. Ilisambaa tu. Ikamgusa Mwanza vifundoni, naye akayainua mawe yake moja moja, akasema, "Hii naijua." Ikamgusa Tanga, akainua kanga. "Hata kwetu ipo," akasema. "Kila mtu anaisukumia kwa jirani, nayo inarudi na matope zaidi." Ikapita chini ya mlango, na nje tukasikia sauti za watu wakiinua vitu: magunia, redio, wazee.

Ukumbi ukawa sebule ya Bi Tabu. Hapakuwa na tangazo. Tulikuwa tumeenea wote, miji na mawe na muuza nyama, katika chumba ambacho siku ile ya picha mimi na mpiga picha wangu hatukuenea. Maji yalikuwa magotini. Bi Tabu alikuwa amepandisha jiko juu ya kabati, amekaa kando yake na anachoma vitumbua. Juu ya meza alikaa mkwewe, amempakata Mezani aliyelala.

"Karibuni," Bi Tabu akasema. "Msivue viatu."

Tukaitikia.

"Mheshimiwa," akaniambia, "umekuja kupiga picha?"

"Nimekuja kikazi, mama."

"Haya. Basi inua hilo joho, linanywa maji."

Kweli, joho lilikuwa linazama pindo.

Siwa ilikuwa inaelea. Ikagonga mguu wa meza mara moja kuita utulivu. "Wajumbe," ikasema, "kila mmoja wenu ana hoja yake, na nyingi ni nzuri. Lakini Bunge lina koo moja. Zikiingia zote kwa pamoja litapaliwa, na likipaliwa litazitema zote. Anayeweza kuilaza yake kwa ajili ya hii, ailaze."

Tanga alikuwa na hoja mapajani. Sikuwa nimeiona. Ilikuwa hoja ya magulio, ndogo, safi, imesukwa nywele.

"Yangu naipenda," akasema. "Nimeilea tangu ikiwa wazo. Na haki inayo. Lakini ukiitoa kwangu hakuna anayeijua, na hii ya mtaro inajulikana kila nyumba." Akaipigapiga mgongoni taratibu. "Lala, mwanangu. Mwaka ujao nitakuamsha mimi mwenyewe." Ikalala. Akageuka dirishani akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Mwanza akailaza yake kwenye jiwe bapa, akaifunika shuka. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Hoja ya king'ora ilikuwa imesimama karibu yangu, mashiko yake yameanza kubanduka rangi. Ilipoona inatazamwa ikaanza kulia, na kilio chake mnakijua: wiu, wiu, wiu. Mezani akaamka, akaangua kilio naye.

"Jamani, baba," mkwewe Bi Tabu akaniambia kutoka mezani, "si umbembeleze mwanao? Anamwamsha wangu."

"Usithubutu," joho likasema.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikalivua joho, nikaipandisha hoja mgongoni, nikalizungusha joho nikalifunga kifuani mafundo mawili. Likawa mbeleko nzuri sana. Kitambaa ni kizito.

"Mimi ni la sherehe!" joho likalia huko nyuma, sauti imezibwa.

"Hata hii ni sherehe," Bi Tabu akasema, akigeuza kitumbua. "Imba."

Sijui wimbo hata mmoja wa kumbembeleza mtoto. Wanangu walilazwa na mama yao. Nikaimba kitu pekee ninachokijua kwa moyo, ambacho ni sheria ndogo za usafi wa mazingira za Manispaa ya Ngalamila. Nikainama kidogo, nikawa natikisika huku na huku ndani ya maji, naimba: "Mtu yeyote atakayetupa taka, au kusababisha taka zitupwe, au kuruhusu taka zitupwe..." Nilipofika "isipokuwa kwa kibali cha maandishi", king'ora kikapiga miayo. Kifungu cha nne hakikufika mwisho. King'ora kikalala, Mezani akalala, na chura akalala.

Mwanza alitaka kupiga miayo pia, lakini akajizuia kwa heshima.

"Sasa iungwe mkono," Siwa ikasema.

Mlango wa kabati ukafunguka, akatoka fundi cherehani na futi shingoni na sindano mdomoni. "Anayeunga mkono asogee," akasema. "Wa kulia. Wa kushoto hatuupokei."

Tanga akasogea. Fundi akampima, akaufumua mkono wake begani kwa ustadi, mshono kwa mshono, akaushonea kwenye ubavu wa hoja ya mtaro. Akafuata Mwanza. Kisha kwenye kona akanyanyuka mtu ambaye sikuwa nimemtambua, mrefu, amevaa sweta mbili na skafu, anatetemeka. Alikuwa Mbeya. Akavua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akatoa mkono wenye malaika yaliyosimama.

"Fanya haraka," akamwambia fundi. "Baridi."

"Baridi umekuja nayo mwenyewe," Tanga akasema.

Halafu ikawa zamu yangu. Nikakohoa kama ninavyokohoa kabla ya hotuba.

"Kimsingi," nikasema, "Ngalamila inaunga mkono."

"Msingi ni wa nyumba," fundi akasema. "Lete mkono."

"Je, kama nitauhitaji?"

"Kwa kazi gani?"

Nikafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Bi Tabu alikuwa ameshaepua kikaango kimoja na kutia kingine.

"Kupunga," nikasema.

Fundi akanitazama kwa huruma. "Na huu mwingine haupungi?"

Nikaupa. Hauumi. Unasikia tu kama mtu amefungua dirisha begani. Nikauona mkono wangu unashonwa jirani na wa Mbeya, ukiwa bado unapungapunga kwa mazoea, halafu ukaona mwenzake anashikilia godoro, ukaacha kupunga, ukashika upande wa pili.

"Mtaturudishia?" nikauliza.

"Hoja ikipita, kila mtu anapewa wake," fundi akasema. Akakata uzi kwa meno. "Tukikumbuka upi ni wa nani."

Hoja ya mtaro ikajikunja. Ikajaribu kujiinua, ikaanguka, maji yakaruka mpaka kwenye jiko. Nilitaka kuiambia pole lakini nikaona aibu, maana nilikuwa nimeifungia mkobani tangu Jumatatu. Ikajaribu tena. Mikono yote ikakaza kwa pamoja, ya Tanga, ya Mwanza, ya Mbeya, wangu, ya miji ambayo hata majina yake siyajui, na hoja ikasimama. Ikatembea kwa mikono ile kama tandu, pole pole, kuelekea mlangoni.

Bi Tabu akashuka kwenye kabati, akaufungua mlango wote.

"Ipite," akasema.

Ikapita. Na maji, ambayo siku zote yalikuwa yanangoja tu kujua yanamfuata nani, yakaifuata. Yakatoka magotini, yakatoka vifundoni, mkeka ukaonekana, viatu vikaonekana, na tukasikia hoja inakwenda nje huko mtaani, inapungua sauti, inaelekea bungeni kwa miguu ya mikono yetu.

Mkwewe Bi Tabu akashuka mezani. Akainama, akamweka mtoto chini. Mezani akakanyaga, akashangaa, akainua mguu mmoja, akaurudisha.

"Hii," bibi yake akamwambia, "inaitwa sakafu."

Hapo nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka sina viganja viwili. Nikatazama pembeni, Mbeya naye alikuwa katika hali hiyohiyo. Tukageukiana, tukapiga makofi, kiganja chake cha kushoto na changu cha kushoto, kwa muda mrefu. Mgongoni king'ora kilikoroma. Jogoo akawika mahali fulani, na fundi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, akashtuka, akaanza kugawa mikono haraka haraka kama mtu anayerudisha miavuli baada ya mvua. "Huu wako? Huu wako? Chukua, chukua, kunakucha."

Nikaamka.

Mke wangu alikuwa ameinama kitandani, amenishika mkono wa kulia. "Baba Koku, amka. Dereva yuko nje, na wewe ndiyo kwanza..." Akanishika vizuri zaidi, akaugusa kwa kiganja, kisha kwa shavu. "Mbona mkono huu wa baridi hivi? Kama umetoka Mbeya."

Ngalamila kukipambazuka ni joto kama mdomo wa tanuri. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelowa jasho. Wa kulia ulikuwa mkavu, malaika yamesimama. Nikainua mkono wa fulana nitazame begani. Kovu la chanjo, ambalo nimekuwa nalo tangu nikiwa mtoto mchanga, halikuwepo.

"Mama Koku," nikasema, "tuna sweta?"

"Sweta? Hapa?"

"Ya mkono mmoja itatosha."

Nilipofungua mkoba nikaitoa hoja ya king'ora, nikaiweka juu ya mto, nikaifunika. Msije mkadhani nimekuwa mtu mwema usiku mmoja. Ni kwamba mkutanoni leo watasema wanaounga mkono wanyooshe, na mkono nilionao si wangu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mkono wa kuazima hawakuusema, lakini mimi naona haifai kuunyoosha kwa mambo ya kipuuzi, hasa kama mwenyewe atakuwa amekaa safu ya mbele, anatokwa jasho upande mmoja, anauangalia.

Haya nayaandika garini kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda. Wa kulia nimeufunika skafu ya Mama Koku. Una kazi leo.